Kikapu cha Nyumbani Katika Bustani za Burudani

Likizo ndefu ya skuli inapowadia Marekani na Kanada, ndugu zetu wengi waliohamia huko hufunga safari na watoto wao kuelekea Orlando, katika jimbo la Florida. Huko ndiko iliko Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1971, na ambayo leo ina bustani kubwa nne za burudani. Wapo pia jamaa wanaoalikwa kutoka huku kwetu wakaungana nao. Wazazi huweka akiba kwa muda mrefu ili kupata nauli, hoteli na tiketi. Kinachosahauliwa katika hesabu ni chakula, nacho ndicho huwarudisha watu nyumbani na deni.

Tupige hesabu ya mfano. Baba, mama na watoto wanne wanaingia mkahawani, na tuseme kila sahani ni dola 15. Mlo mmoja ni dola 90. Milo miwili kwa siku ni 180. Kwa siku tano ni dola 900. Bei iliyoandikwa ukutani haina kodi ndani yake. Wilaya ya Orange, ziliko bustani hizo, hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.5, yaani dola 58 na nusu juu ya hesabu yetu. Familia ikikaa mezani na kuhudumiwa, desturi ya nchi ile ni bahashishi ya asilimia 18 hadi 20. Na mtoto aliyetimiza miaka 10 huhesabiwa na Disney kuwa mtu mzima, katika tiketi na katika meza za kujipakulia.

Ipo njia nyepesi ambayo wengi hawaijui. Disney humruhusu mgeni kuingia na chakula chake mwenyewe. Masharti ni machache: kisiwe cha kuhitaji kupashwa moto, kisiwe katika vyombo vya vioo, ila vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga, na boksi la kuhifadhia baridi lisizidi sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Barafu ya vipande hairuhusiwi. Hutumika vile vifuko vinavyogandishwa na kutumiwa tena. Maji baridi hayanunuliwi: mikahawa ya kaunta yenye mashine za vinywaji humpa bilauri ya maji kila aombaye, bila malipo. Lakini tusichukulie kwamba kila bustani ni hivyo. Universal, jirani yake hapo hapo Orlando, huruhusu maji, vitafunio vidogo, chakula cha mtoto mchanga na cha mwenye mahitaji maalumu ya mlo, lakini haitaki maboksi magumu ya baridi. Masharti yasomwe kabla ya kutoka hotelini.

Kwa familia ya Kiislamu, kikapu hiki kina faida ya pili, nayo ni kubwa kuliko ya fedha. Katika bustani hizi kuna kitoweo mashuhuri, paja zima la bata mzinga, ambalo watoto hulitamani kwa ukubwa wake. Bata mzinga si nguruwe, lakini hilo halitoshi. Swali la uchinjaji linabaki pale pale. Peremende laini nyingi hutiwa jelatini itokanayo na wanyama, na vibanzi huweza kukaangwa katika mafuta yaliyokaanga nyama. Katika orodha za vyakula vya Disney, alama ya jani huonyesha chakula kisicho na nyama, maziwa, mayai wala asali. Alama hiyo inasaidia, ingawa haisemi lolote juu ya pombe katika mchuzi. Hata kifungua kinywa cha bure hotelini huhitaji uangalifu, kwani mayai huweza kukaangwa katika bati lile lile la soseji za nguruwe. Mzazi asione haya kuuliza. Aulize kwa upole, na mapema.

Basi kikapu kijazwe nini? Maduka kama Walmart, Publix na Aldi yapo karibu, na sehemu kubwa ya vyakula visivyopikwa haitozwi kodi ya mauzo katika Florida. Nyama halali hupatikana kwa wachinjaji Waislamu mjini Orlando. Kwa hiyo chumba chenye jiko dogo na jokofu, hata kikiwa mbali kidogo na bustani, huweza kuwa nafuu kuliko cha karibu kisicho na kitu. Chapati ni rafiki wa msafiri: hukunjwa na kuku aliyechambuliwa au mayai, na haihitaji sahani wala uma. Maandazi, katlesi, kababu, njugu, tende, ndizi na matufaha hukamilisha siku. Anayetoka Afrika Mashariki asibebe nyama, hata iliyokaushwa, kwani forodha ya Marekani huizuia. Majani ya chai na viungo vikavu vya pilau kwa kawaida hupita, mradi avitaje mbele ya mkaguzi.

Jua la Florida wakati wa kiangazi si la mchezo. Joto likizidi nyuzi 32, chakula chenye nyama, mayai au maziwa kisikae nje ya baridi zaidi ya saa moja. Kwa sababu hiyo vyenye nyama viliwe kwanza, adhuhuri, na vikavu viachwe kwa alasiri. Saa hiyo ya adhuhuri ndiyo foleni za mikahawa huwa ndefu. Familia yenye kikapu hutafuta kivuli, hula, hupumzika, na hupata nafasi ya kuswali bila haraka.

Kuna jambo moja lisilosemwa sana. Unafuu huu wa chakula huweza kubebwa na mgongo wa mtu mmoja. Ikiwa mama ataamka alfajiri kukanda unga ilhali wengine wamelala, na usiku aoshe vyombo wakati wengine wakihesabu picha, basi yeye hakwenda likizo. Amehamisha jiko tu. Chapati zipikwe nyumbani kabla ya safari na kugandishwa. Baba apake siagi mikate, vijana wajaze chupa za maji, wadogo wafungashe tende. Akiba iliyopatikana kwa jasho la mama peke yake si akiba ya familia.

Wapo pia wanaume wanaoona haya kufungua kikapu mbele za watu, wakidhani wataonekana hawana uwezo. Wenyeji wenyewe wa nchi ile hufanya hivyo, tena bila kificho. Aibu ya kweli ni kukopa kwa ajili ya soda na vibanzi, kisha ada ya skuli ikachelewa.

Hata hivyo, tusiende upande wa pili tukawa mabakhili. Mtoto aliyesafiri maelfu ya maili asirudi akikumbuka neno "hapana" tu. Tunapendekeza kila mtoto apewe fungu lake dogo la kila siku, alijue tangu asubuhi, achague mwenyewe: aiskrimu, au bisi, au aliweke hadi kesho. Atajifunza kuchagua, na mzazi atapumzika kuombwa. Na siku moja familia ile pamoja mkahawani. Katika Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji kilichopewa jina Harambe, na hoteli ya jirani ina mikahawa iitwayo Boma, Jiko na Sanaa. Watoto waliozaliwa ughaibuni watafurahi kuyasoma maneno ya bibi zao ukutani. Mlo wa siku hiyo ukiwa umepangwa, na swali la halali limeulizwa kabla, hautamtisha mtu.

Dini yetu imekataza israfu na imekataza ubakhili, ikatuachia njia ya katikati. Kabla ya kukata tiketi, mume na mke wakae na kalamu na karatasi, waandike bei ya kula kando ya bei ya kulala. Likiwa fungu la chakula halipo, safari ingoje mwaka mwingine, bustani hazihami.

Wabillahi tawfiq.