Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Twajua Mgeni Hununua Nini?

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Kauli hii haikosi kutajwa utalii wa Turkana unapozungumziwa: uzuri wa ziwa, masalia ya kale ya Nariokotome na tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar. Hata hivyo, mgeni hamponyi mwenyeji kwa kutazama, bali kwa kununua. Je, mgeni huyo hununua nini, kwa nani, na ni kipi kinachomfanya aondoke mikono mitupu?

Wapo watakaojibu kwamba kizuri chajiuza. Hatukubaliani nao. Kikapu cha majani ya mkoma kilichosukwa na mama wa Kiturkana ni kizuri. Ekicholong, kigoda ambacho mzee hukikalia mchana na kukifanya mto usiku, ni kizuri vilevile. Lakini msafiri wa ndege ndogo hupimiwa mizigo, na kikapu kikubwa hubaki sokoni. Msusi asiyejua sababu hiyo hudhani kosa ni bei, akaishusha. Kutojua kwetu hulipwa na yeye.

Kwamba utafiti waweza kubadili mtazamo, Kakuma ni ushahidi. Tangu kambi ianzishwe mwaka 1992, wengi waliiona kuwa mahali pa kupokea misaada tu. Mwaka 2018, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lilichapisha uchunguzi kuhusu matumizi ya wakazi wa kambi na mji wa Kakuma. Uchunguzi huo ulikadiria uchumi wa hapo kuwa takriban dola milioni 56 kwa mwaka, na kuhesabu biashara zaidi ya 2,000. Ikiwa ununuzi wa mkimbizi ulistahili kuchunguzwa, wa mtalii wastahili pia.

Aidha, hatuna budi kumtambua mtalii ni nani. Si Mzungu mwenye kamera peke yake. Afisa atokaye Nairobi kuhudhuria mkutano wa siku tatu Lodwar, na mwanahabari anayezuru Kakuma, nao ni wageni wenye fedha mfukoni. Tusipowauliza, tutawafundisha akina mama kumsukia mnunuzi wa kuwaziwa.

Yamkini mtu atasema kwamba kufuata matakwa ya wageni kutaua sanaa ya jadi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kujua si kutii: msusi mwenye habari ndiye awezaye kuamua kipi abadilishe na kipi asikiguse.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Maswali na yaulizwe kwa Kiswahili na Kiturkana, muuzaji aulizwe sawa na mnunuzi, na matokeo yasomwe sokoni kabla ya kuwekwa maktabani. Utafiti usiomrudia msusi haumponyi mwenyeji.