Funguo za ghala la korosho sasa ziko kwenye kompyuta

MKULIMA wa korosho wa Kiegei, wilayani Nachingwea, anajua kwamba salfa haingoji. Ubwiriunga ukishaunguza maua ya mkorosho, hakuna dawa itakayorudisha mavuno yaliyopotea. Ndiyo maana hupulizia mapema, na hurudia.

Somo hilo linapaswa kufika pia kwenye ofisi zinazotunza kumbukumbu za mazao yake.

Kwa miaka mingi baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza kutumika kwa korosho, mwaka 2007, wakulima wamezoea mnada wa bei kuandikwa kwenye karatasi na kutiwa sandukuni. Mambo yamebadilika. Katika msimu wa 2024/2025, minada iliendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), wakiwamo wakulima wa Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kilo, bei na malipo sasa ni tarakimu ndani ya kompyuta.

Hatua hiyo ni nzuri. Hata hivyo, kadiri mifumo inavyoongezeka, ndivyo taasisi nyingi duniani zinavyopendelea mtumishi awe na neno moja la siri linalomfungulia mifumo yote. Kazi ya kumtambua hufanywa na seva moja. Hurahisisha kazi, lakini ni sawa na kutundika funguo za maghala yote kwenye msumari mmoja. Mwizi akiufikia, hahitaji kuvunja mlango wowote.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Juni 2021, kampuni ya ForgeRock ilitangaza kasoro katika programu yake ya aina hiyo, iliyomwezesha mtu aliye mbali kuendesha amri zake kwenye seva bila neno la siri. Kinga ilitolewa. Lakini Julai mwaka huo huo, mamlaka za Australia na Marekani zilionya kwamba wadukuzi walikwisha kuanza kuitumia kasoro hiyo kwa waliochelewa.

Wapo mafundi wanaosema mfumo usiguswe wakati wa minada, kwa kuwa marekebisho yanaweza kuuzimisha. Hoja hiyo ina uzito. Lakini dawa yake ni kujaribu kwanza kwenye seva ya pembeni na kuweka nakala za kumbukumbu, si kusubiri msimu uishe. Kasoro ikishatangazwa, fundi na mwizi huisoma siku moja.

Kwa hiyo vyama vya ushirika na taasisi zinazonunua mifumo hii ziandike kwenye mikataba kinga za dharura zitawekwa ndani ya siku ngapi, na nani atawajibika zikichelewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekwisha kuwataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde. Aidha, wanachama wa AMCOS waulize jambo hili kwenye mkutano mkuu, kama wanavyouliza kuhusu makato ya kila kilo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkulima wa Kiegei hajapata kuiona seva inayotunza kilo zake, lakini zikipotea humo, ni yeye atakayebaki na gunia tupu.