Mbwa Naye Huuguzwa

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mwaka huu hadi nimechoka kulijibu kwa upole: "Eti unamuuguza nani? Mbwa?" Kisha kicheko. Ukilisikiliza vizuri, swali hili halihusu mifugo, na pesa zimo kidogo tu. Ni swali la lugha, ndiyo maana nalileta hapa mbele ya watu wa vitabu. Anayeuliza ananiambia nimeiba kitenzi. Kwamba kuuguza ni haki ya binadamu, na mbwa hufugwa tu, basi. Mimi nasema sikuiba kitu.

Niseme kwanza ni nini kilichotokea. Nilimchukua mbwa jike kutoka kituo cha kuokoa wanyama hapa Nairobi. Kituoni walikuwa wamemwita Sita, kwa sababu aliletwa na wenzake siku moja, na yeye alikuwa wa sita kwenye orodha. Meno yake yalionyesha miaka minane hivi. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa upande wa pili wa barabara. Walikuwa hawajamfunga uzazi kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuhimili kisu, tukakubaliana anenepe kwanza. Wiki ya tatu aliacha kula, akawa anakunywa maji kama aliyelishwa chumvi, na usaha ukaanza kumtoka chini ya mkia. Daktari wa mifugo alimtazama mara moja akajua. Mji wa mimba ulikuwa umejaa usaha. Ni ugonjwa unaowapata majike wasiofungwa uzazi, hasa wenye umri, wiki chache baada ya kipindi cha joto. Tiba ya kutegemewa ni kupasua na kuutoa wote. Ukichelewa, sumu huenea mwilini na mbwa hufa. Alipasuliwa jioni ile ile.

Sasa nauliza: yaliyofuata niyaiteje?

Nililala sakafuni karibu naye kwa siku nne kwa sababu alikuwa anatetemeka na blanketi lilikuwa linamtoka. Asubuhi na jioni nilikagua mshono: umevimba? Una maji? Unanuka? Nilimwinua ufizi kuona kama rangi ni ya waridi au imepauka. Nilimpikia wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, bila chumvi wala kitunguu, nikamlisha kwa kiganja, vijiko vitatu, kisha vinne. Nilimpa dawa alizoandikiwa tu, maana vidonge vya maumivu tunavyojinunulia dukani, kama ibuprofeni, vinaweza kumuua mbwa. Shingoni alivalishwa kola kubwa ya plastiki asije akaulamba mshono, akawa anagonga kila mlango kama mlevi. Nilimtoa nje kwa kamba, hatua chache, akikojoa turudi. Hivyo hadi siku ya kumi na mbili, nyuzi zilipotolewa.

Kufuga? Kuku hufugwa. Kulea? Analelewa anayekua, na Sita alikuwa anazeeka. Kutunza? Hata gari hutunzwa. Kiswahili kina neno moja tu linaloenea kazi hiyo yote, ya kukesha na kunusa na kusubiri, nalo ni kuuguza. Limetoka kwa kuugua. Anayeugua huuguzwa. Kitenzi chenyewe hakijaweka sharti la miguu miwili. Hilo tumeliongeza sisi.

Aliyenithibitishia hili si profesa. Ni mlinzi wa plotini kwetu, mzee mmoja aliyekulia akichunga ng'ombe pamoja na mbwa. Kila jioni akiingia zamu alikuwa anasimama mlangoni kwangu na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakucheka, wala hakuweka alama za mtajo hewani kwa vidole. Mgonjwa ni mgonjwa. Siku Sita alipotikisa mkia kwa mara ya kwanza, mzee yule alisema, "Sasa huyu amerudi," akaenda zake kufunga geti.

Namtaja kwa sababu hoja ya kwanza ninayotupiwa ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Jamani! Methali yetu inasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hiyo si methali ya watu waliomjua mbwa juzi kwa kuletewa na meli. Kule Congo kuna mbwa wa kale wa uwindaji, basenji, asiyebweka kama wengine, ambaye wawindaji humvalisha kengele ya mti shingoni wajue aliko porini. Mbwa ni wetu tangu zamani.

Lakini sitaki kuikimbia sehemu ya hoja iliyo na ukweli. Kibao cha MBWA KALI kwenye mageti ya Nairobi kina historia. Nyuma ya geti la bwana palikuwa na mbwa aliyekula nyama na mpishi aliyekula ugali mkavu. Nani asiyekasirika? Ila tuielekeze hasira inakostahili. Dhuluma ilikuwa njaa ya mpishi, wala haikuwa shibe ya mbwa. Leo tumerithi geti, tumerithi na kibao, na wengi wetu bado tunamlipa mfanyakazi wa ndani kiduchu, kisha tunamtupia mbwa koko jiwe na kuita hilo uzalendo.

Hoja ya pili ni ya najisi. Nimekulia Mombasa, katika nyumba ya Kishafii. Sheria ya chombo kilicholambwa na mbwa naijua, mara saba, moja kwa udongo. Naiheshimu, na Sita ana bakuli lake na sehemu yake. Lakini sheria hiyo inanifundisha kuosha chombo. Hainifundishi ukatili. Dini hiyo hiyo inasimulia mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na katika Sura ya Pango kuna mbwa amelala kizingitini pamoja na wale vijana. Mbona methali ya kucheza na mbwa ukaingia naye msikitini tunaikumbuka upesi, na kisa cha kiatu tunakisahau?

Hoja ya tatu ni pesa. "Kuna watoto hawana karo." Ni kweli, wapo. Ningelazimishwa kuchagua kati ya mtoto na mbwa, ningemchagua mtoto bila kupepesa jicho. Lakini hakuna aliyeniwekea chaguo hilo. Na wanaouliza hawakuniuliza nilipobadilisha simu, wala hawajiulizi Jumapili mezani mbele ya kilo mbili za nyama choma. Karo ya watoto wa watu hukumbukwa ghafla pale tu mnyama anapopona. Isitoshe, kumjali mbwa ni kumjali mtoto. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, sehemu kubwa Afrika na Asia, wakiwemo watoto wengi, na karibu wote huumwa na mbwa. Njia ya kukikomesha inajulikana: kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Na nani humpeleka mbwa kuchanjwa? Ni yule anayemwita mbwa "wangu".

Sasa niwageukie nyinyi, waandishi na wasomaji. Fasihi yetu imemfanyia nini mbwa? Katika Alfu Lela Ulela, ndugu wawili waovu wa Abdalla bin Fadhili wanageuzwa mbwa na kuchapwa kila usiku. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, inayofanana mno na kisa hicho, ndugu hao wanageuzwa manyani. Yaani hata kazi ya kuwa adhabu mbwa wetu aliikosa! Aliyobakiwa nayo ni ya kuwa tusi. Mwanasiasa akimfuata mkubwa wake, ni kijibwa. Mtu akitudhulumu, ni mbwa huyo.

Na bado ninyi hao hao mmesoma Odisea mkamwonea huruma Argos, mbwa mzee aliyelala juu ya samadi akamtambua bwana wake baada ya miaka ishirini. Mmesoma Disgrace ya Coetzee, mkaandika insha ndefu kuhusu Lurie na mbwa wanaouawa kliniki. Machozi ya kusomea mnayo. Aliyelala kwenye samadi nyuma ya soko lenu mnampita.

Sidai riwaya ya mbwa. Nadai kitenzi. Mwandike siku moja, bila kicheko na bila kuomba radhi, kwamba mtu fulani alimuuguza mbwa wake. Sita sasa ana kovu refu tumboni, uzito umeongezeka, na jikoni anaiba vitunguu nisipoangalia. Alikuwa mgonjwa, akauguzwa, akapona. Hebu nionyesheni neno lipi hapo si Kiswahili.