Stopu si bima, jamani!

Nimechoka kusikia ushauri huu: "Nunua hisa inayoyumba, weka stopu, lala usingizi." Kutoka hapa Tarasaa nasema wazi: ushauri huo unaumiza watu.

Binamu yangu aliweka karo ya wanawe kwenye hisa moja ya Marekani. Akaweka stopu kwenye dola 20. Jioni soko likafungwa bei ikiwa 21. Usiku kampuni ikatangaza hasara, na kesho yake soko likafunguliwa kwa 14. Stopu ikauza kwa 14. Akanipigia simu, eti mtambo umeharibika.

Mtambo ulikuwa mzima. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na stopu ni mstari mmoja tu: kama bei imefika 20 au chini yake, uza kwa bei utakayoikuta. Hakuna palipoandikwa "uza kwa 20". Ukiibadilisha iseme "usiuze chini ya 20", basi kwa 14 haiuzi kabisa, na mzigo unabaki nao.

Sisi wa Mto Tana tunalijua hili. Unachomeka kijiti ukingoni, unasema maji yakifika hapo nahama. Mafuriko yakija usiku, unaamka kijiti hakionekani na mpunga uko chini ya maji.

Tarehe 6 Mei 2010, hisa za Accenture kule Marekani ziliuzwa kwa senti moja katika mporomoko wa dakika chache. Mwaka 2016 soko la hisa la New York lenyewe liliacha kupokea stopu. Zikabaki kwenye mitambo ya madalali. Hapa kwetu, hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Stopu gani ingekutoa humo? Kuuza kunataka mnunuzi, tena soko liwe wazi.

Sikatai, bei ikishuka polepole stopu inasaidia. Lakini kinga ya kweli ni kiasi unachoweka. Kama hutaki kupoteza zaidi ya shilingi 5,000, na hisa yenyewe inaweza kushuka nusu kwa usiku mmoja, usiweke zaidi ya 10,000. Hesabu hiyo unaifanya kabla ya kununua, ukiwa bado na pesa zako mkononi.

Na karo ya watoto? Hiyo isiende sokoni kabisa, stopu iwepo isiwepo.