Uvimbe wa Ini Umeunguzwa, Kadi Isitupwe

Hivi karibuni tulimpokea wodini baba mmoja ambaye mwaka juzi wanawe walimpeleka India kutibiwa kansa ya ini. Huko hawakumpasua. Walimchoma sindano ndefu kupitia ngozi, wakaiongoza kwa picha ya ultrasaundi mpaka ndani ya uvimbe, kisha ncha ya sindano ikapata moto na kuuunguza. Tiba hiyo hufaa zaidi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3. Alirudi anatembea mwenyewe, ukoo ukachinja mbuzi, na sisi tukampongeza. Hakuna aliyemwandikia tarehe ya kurudi kliniki. Kosa hilo ni letu.

Sasa ana uvimbe mwingine, upande wa pili wa ini. Ndugu wananong'ona kuhusu mkono wa mtu, na mkewe ndiye anayetazamwa kwa jicho baya. Ndiyo maana tumeona tuandike.

Kansa ya ini kurudi baada ya kuunguzwa si jambo la ajabu. Katika wagonjwa 10, hadi 7 huweza kurudiwa ndani ya miaka 5. Pengine ni mbegu za uvimbe wa kwanza zilizobaki. Pengine ni ini lenyewe, lililokwisha kujaa makovu kwa sababu ya virusi vya homa ya ini vya aina B au C, au pombe ya miaka mingi. Sindano imeng'oa gugu moja, shamba ni lile lile.

Na kinga ya mwili je? Hapa ndipo watu wanapodanganywa. Ni kweli kwamba uvimbe ukiungua, mabaki yake huwapa askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, nafasi ya kumtambua adui. Kwa muda huamka. Lakini mara nyingi mwamko huo ni hafifu wala haudumu, kwa kuwa kansa ina njia zake za kuwalaza, na ini lenye ugonjwa wa siku nyingi huwachosha. Watafiti wamejaribu kuwasaidia kwa dawa. Katika jaribio moja la nchi nyingi, lenye wagonjwa 668 waliopasuliwa au kuunguzwa uvimbe, matokeo ya mwaka 2023 yalitia moyo: waliopewa dawa mbili za mshipani, mojawapo ya kuamsha kinga, walikawia kurudiwa. Mwaka 2024, baada ya kufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi, faida ile haikudumu.

Ikiwa dawa ghali kama hizo hazikuweza, sisi hatuoni chupa ya "kuongeza kinga" inayouzwa stendi itaweza vipi. Tena baadhi ya mitishamba huliumiza ini. Baba yetu alikuwa akinywa chupa mbili kwa wiki, na vidonge vyake vya virusi vya B aliviacha, eti amepona.

Fedha ya chupa na iwe nauli ya kwenda kupimwa. Miaka miwili ya kwanza mgonjwa apigwe picha kila miezi 3 au 4, baadaye kila miezi 6, na iwe CT skani ya kuchomwa dawa mshipani au MRI, maana ultrasaundi peke yake yaweza kupitwa. Tunajua si karibu na si rahisi. Lakini uvimbe wa pili ukikutwa mdogo, mara nyingine huweza kuunguzwa tena. Wa baba yetu umekwisha pita kiasi. Vidonge vya virusi visiachwe bila daktari kusema, na pombe iachwe kabisa.

Watu wa nyumbani nao wapimwe virusi vya B, na wasio navyo wachanjwe. Hapa Tanzania watoto wachanga walianza kupewa chanjo hiyo mwaka 2002, hivyo wengi wetu wakubwa hatukuipata. Mkewe yule baba tumempima, hana virusi, na sindano ya kwanza amekwisha pata. Wanawe watatu bado hawajaja. Tunawangoja Jumanne.