Wisconsin Iache Kumbembeleza Mlevi wa Mara ya Kwanza

Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mtu anayekamatwa kwa mara ya kwanza akiendesha gari amelewa hajatenda jinai. Anaandikiwa karatasi ya trafiki. Kesi yake yaweza kumalizwa na mahakama ndogo ya mji, na akionekana ana hatia hutozwa faini ya dola 150 hadi 300, juu yake tozo ya dola 435 na gharama za mahakama. Leseni hufutwa kwa miezi 6 hadi 9, ila anaruhusiwa kuomba papo hapo leseni maalumu ya kumpeleka kazini na kumrudisha. Jela hakuna, hata ya siku moja.

Hakuna jimbo jingine la Marekani lililolegea kiasi hiki. Vuka mpaka uingie Illinois: kosa lilelile la kwanza ni jinai, na kifungo chaweza kukaribia mwaka mzima. Minnesota ni hadi siku 90. Sisi tunasema Wisconsin iibadilishe sheria yake, na iibadilishe kuanzia kosa la kwanza.

Wanaoitetea husema binadamu huteleza, apewe nafasi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mara ya kwanza kukamatwa ingekuwa mara ya kwanza kulewa na kushika usukani. Nani anaamini hivyo? Polisi hawamnasi kila mlevi, na Wisconsin imewafunga mikono zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu vizuizi vya kupima madereva tangu 1990, lakini sheria ya Wisconsin haiviruhusu. Askari hana budi kusubiri gari liyumbe, livuke mstari au livunje sheria nyingine ndipo alisimamishe. Dereva mzoefu wa chupa, anayejua kwenda polepole na kushika upande wake, hufika kwake usiku baada ya usiku. Siku anayosimamishwa ndipo sheria inaandika: kosa la kwanza.

Tazama pia ngazi ya adhabu inavyopanda. Kosa la pili ni siku 5 hadi miezi 6 jela, lakini kama la kwanza limepita miaka 10, dereva huhesabiwa upya kama mgeni. La tatu ni siku 45 hadi mwaka mmoja. Ni la nne ndilo linaloitwa jinai kubwa kwa kila mtu, na hilo lilianza 2017 tu. Mwenye makosa matatu nyuma yake hushushiwa kiwango cha kilevi kinachoruhusiwa kwenye damu kutoka asilimia 0.08 hadi 0.02. Kwa hiyo ukali watunga sheria wanao. Wanautoa watu wakiwa wamekwisha kukamatwa mara tatu.

Kuna kifungu kimoja kinachowaumbua kabisa. Dereva mlevi akiwa amembeba mtoto wa chini ya miaka 16, hata kosa la kwanza hugeuka jinai, na jela ipo. Vizuri. Maana yake watunga sheria wanajua fika kwamba gari la mlevi linaua. Basi mtoto aliyemo ndani ya gari hilo analindwa na sheria ya jinai, na mtoto anayevuka barabara mbele yake analindwa na faini.

Kwa nini imekuwa hivi? Bia. Wahamiaji wa Kijerumani walijenga Milwaukee, mji mkubwa wa jimbo hili, juu ya viwanda vya Pabst, Schlitz na Miller, na timu ya besiboli ya mji huo inaitwa Brewers, yaani wapika bia. Kodi ya jimbo kwa pipa la bia ni dola 2, na haijaguswa tangu 1969. Mtoto akiwa baa na mzazi wake anaweza kuuziwa kinywaji kihalali. Nyuma ya yote hayo kuna Tavern League, chama cha wenye baa, ambacho wabunge wa pande zote mbili huko Madison, mji mkuu wa jimbo, wanakiogopa. Kila baada ya muda muswada wa kulifanya kosa la kwanza kuwa jinai huwasilishwa, na kila mara hufia njiani.

Tuwape haki yao wenye baa. Wanaendesha mpango wa kuwarudisha walevi majumbani bila malipo, na vijijini ambako baa iko maili nyingi kutoka kwa mtu na basi halipo, mpango huo umeokoa wengi. Lakini chama kikishawasafirisha wateja wake kwa mkono mmoja, kisizuie sheria kwa mkono wa pili.

Na hofu ya kwamba biashara itakufa imekwisha kujibiwa. Utah ilishusha kiwango hadi asilimia 0.05 tarehe 30 Desemba 2018, ikawa jimbo la kwanza nchini kufanya hivyo. Wenye hoteli walilia kwamba watalii watakimbia. Shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa barabarani lilipochunguza, lilikuta kwamba kiwango cha ajali za vifo kwa maili zilizoendeshwa kilishuka karibu asilimia 20 kati ya 2016 na 2019, wakati Marekani kwingine kilishuka chini ya asilimia 6. Mauzo ya pombe na utalii viliendelea kupanda.

Hatuombi magereza yajazwe. Dereva hapigi hesabu ya miezi ya kifungo anapotafuta funguo mfukoni. Anapiga hesabu ya kukamatwa. Ndiyo maana kizuizi cha polisi barabarani kina maana zaidi kuliko kuongeza mwaka mmoja jela. Tunaomba pia kile kifaa cha kupuliza, kinachokataa kuwasha injini kikinusa pombe, kifungwe kwenye gari la kila aliyepatikana na hatia. Leo, kwa kosa la kwanza, kinafungwa kwa aliyepimwa akakutwa na asilimia 0.15 au zaidi, au aliyekataa kupimwa. Huyo wa 0.15 ana karibu mara mbili ya kiwango cha sheria. Kwa nini tumsubiri afike hapo? Na wanaohofia kijana wa miaka 22 kubeba doa la jinai maisha yake yote wana hoja. Doa hilo lifutwe akikaa miaka kadhaa bila kosa. Kufuta ni kazi rahisi kuliko kuzika.

Neno kwa wasomaji wetu walioko huko, wakiwemo ndugu wa Kongo waliopelekwa Milwaukee kutoka kambi za wakimbizi. Utaambiwa baa kwamba mara ya kwanza si kitu. Kwa aliyezaliwa pale, huenda. Wewe unatazamwa pia na serikali kuu, ambayo haiulizi Wisconsin inaliitaje kosa lako. Tangu 2015 Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikifuta viza kwa sababu ya kukamatwa tu, kabla ya hukumu. Uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa 2019 unasema mwenye hatia mbili au zaidi za kuendesha amelewa huchukuliwa kuwa hana mwenendo mwema, na bila mwenendo mwema uraia haupatikani. Dereva wa lori naye, kiwango chake akiwa kazini ni asilimia 0.04, na akipatikana na hatia mara moja, hata kama alikuwa na gari lake dogo siku ya mapumziko, haendeshi lori kwa mwaka mzima.