Shairi Bila Vina si Mgeni Kwetu

Katika vikao vyetu vya utamaduni, toka Kalundu hadi Baraka, kuna hukumu inayotolewa haraka sana. Kitabu kipya cha mashairi kinafunguliwa, macho yanakimbilia mwisho wa mistari, kisha tunasikia: « Haina vina, ile si shairi! » Kitabu kinafungwa, hakuna aliyekisoma. Na wanaohukumu hivyo wanajiita walinzi wa mila.

Tuwaulize: mila ya nani? Vina na mizani ni sheria nzuri za ushairi wa pwani. Tunajua ya kwamba Kaluta Amri Abedi, aliyezieleza katika kitabu chake cha mwaka 1954, alikuwa mtoto wa Ujiji, kwenye ziwa letu hili hili. Apewe heshima yake. Lakini wazee wetu Wavira, Wafuliru na Wabembe hawakuhesabu silabi walipoimba. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Neno linarudiwa, makofi na ngoma vinashika mwendo. Nyimbo za kilio, za kulima na za kuvuta nyavu zilisimama hivyo. Kama kukosa vina kunaua shairi, basi bibi zetu hawakutunga kitu.

Jambo la pili linatuuma zaidi, maana linatendeka darasani. Kwa Kifaransa tunawafundisha wanafunzi Césaire na Senghor, ambao hawakufungwa na vina. Tunawaita wakubwa, na watoto wanashika kurasa zao kwa kichwa. Lakini mtoto yuleyule akiandika kwa Kiswahili, bila vina, juu ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020, tunamchorea mstari mwekundu. Juu ya nini uhuru uruhusiwe kwa Kifaransa, ukatazwe kwa Kiswahili? Hapo tunaidharau lugha yetu wenyewe, tena mbele ya watoto.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alipotoa Kichomi mwaka 1974, alipingwa kwa maneno kama hayo. Hakuacha: Karibu Ndani ilitoka 1988, Dhifa 2008. Alifariki mwaka 2020, na vitabu vyake vinasomwa vyuo vikuu. Mwaka mmoja kabla ya Kichomi, Abdilatif Abdalla alitoa Sauti ya Dhiki, mashairi aliyoyatunga gerezani Kenya, yenye vina na mizani. Msomaji mwenye akili anaviweka vitabu hivyo viwili juu ya meza moja, bila kuvigombanisha.

Hatusemi kila kipya ni kizuri. Wapo wanaokata habari ya redio vipande vipande, wakaipanga juu hadi chini na kuiita shairi. Tuwakatalie, lakini baada ya kusoma. Tusome kwa sauti, mara mbili, tujiulize: picha gani imebaki? Neno gani limerudi, na safari hii limeleta maana gani? Pumzi inakatika wapi? Tukiondoa neno moja, kuna kitu kinaanguka? Njo hivyo masikio yetu yanavyopima wimbo wa kilio, hata kama hatukufundishwa.

Diwani mpya nyingi zinachapishwa Dar es Salaam na Nairobi, na kwetu ni shida kuzipata. Kwa hiyo moja ikifika Uvira, ipite mikono ishirini. Na tunaomba kila kikao cha utamaduni kisome shairi moja jipya mbele ya ngoma kuanza. Atakayesema ile si shairi, aseme. Lakini awe amelisikiliza hadi mwisho.